GPA ya 3.97, SAT ya 1380: atume alama au azifiche?

Swali: "Binti yangu Neema anamaliza darasa la 11 kwenye shule ya umma hapa Ohio. GPA yake, yaani wastani wa alama za darasani, ni 3.97, na ni wa nne kati ya wanafunzi 310. Shule ina masomo 6 tu ya AP, yale ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, na mpaka anahitimu atakuwa amesoma 5. Mwezi Machi alifanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo, akapata 1380 kati ya 1600: Hesabu 710, Kusoma na Kuandika 670. Wastani wa shule ni kama 1010. Anataka kuomba Dartmouth, Brown, Bowdoin, UCLA na chuo kikuu cha jimbo letu. Mshauri wa shule amemwambia alama hiyo ni ndogo, asiitume popote panapompa hiari, na vyuo vinavyoilazimisha aachane navyo. Mtoto amevunjika moyo. Mimi na baba yake tulisoma kwenye mfumo mwingine kabisa, hatujui tumwambie nini. Hivi mtihani wa saa mbili unawezaje kufuta kazi ya miaka minne darasani?" Mama Neema

Mama Neema, salaam. Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Dartmouth na Brown zibaki kwenye orodha. Alama aitume huko, kwa kuwa inatakiwa, na mimi ningemwambia aitume na Bowdoin, ambako ni hiari. Arudie mtihani mara moja mwezi Agosti, kisha habari ya SAT iishe nyumbani kwenu. UCLA hawataiona kabisa. Hiyo UCLA inanipa wasiwasi kwa jambo jingine, la fedha, nitalifikia.

Mshauri hakusema vile kwa nia mbaya. Inaelekea aliangalia takwimu za vyuo hivyo, akaona waliojiunga wana kuanzia 1500 hivi kwenda juu, akaitazama 1380, akafunga hesabu. Washauri wa shule za umma hubeba mamia ya wanafunzi kila mmoja, na ni wachache wenye nafasi ya kukaa na namba moja wakaihoji. Basi tuihoji sisi.

Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka jedwali liitwalo Common Data Set. Ukishuka hadi sehemu ya C9 utakuta alama za wanafunzi wapya zimegawanywa: alama ambayo robo ya wanafunzi wako chini yake, na alama ambayo robo wako juu yake. Ile ya chini ndiyo watu wanaichukulia kana kwamba asiyeifikia hapokelewi. Lakini isome ilivyo: robo nzima ya wanafunzi waliopokelewa na kujiunga, wenye alama zilizohesabiwa, wako chini ya hapo. Wamo darasani, wanasoma, wanahitimu.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililopotosha familia nyingi tangu 2020. Pale ambapo mtihani ni hiari, jedwali linawahesabu waliotuma peke yao. Tuseme chuo kimepokea watoto mia. Sitini wana alama za juu, wakazituma. Arobaini walipata za kati, wakaziweka kapuni, wakapokelewa kwa sifa zao nyingine. Jedwali litaonyesha wale sitini. Mwaka unaofuata mtoto mwenye alama ya kati anaona kiwango kimepanda, anaogopa, naye anaficha. Kiwango kinapanda tena. Namba zimekwea hivyo kwa miaka kadhaa bila watoto wenyewe kuwa wamebadilika kwa kiasi hicho. Mshauri wenu anampima Neema kwa rula ambayo imepinda.

Sitakudanganya kwamba robo ile ya chini imejaa watoto kama Neema. Humo wamo wanamichezo walioitwa na makocha, na pale ambapo chuo bado kinawapendelea, wamo watoto wa waliosoma hapo zamani. Wanauchumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walichunguza vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo binafsi vya zamani vya mashariki mwa Marekani, Dartmouth na Brown vikiwemo, pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago, na mwaka 2023 wakaonyesha kwamba mtoto wa familia iliyo kwenye asilimia moja ya juu kabisa ya kipato alikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuingia humo kuliko mtoto wa familia ya kipato cha kati mwenye alama ileile ya mtihani. Kwa hiyo uwanja haujasawazishwa, na ni vizuri Neema alijue hilo mapema. Na hata bila hayo, Dartmouth na Brown hupokea chini ya mwombaji mmoja kati ya kumi. Mwenye 1600 pia anakataliwa. Ninachokuambia ni kwamba 1380 haimfungii, si kwamba inamwingiza.

Sasa nikuonyeshe faili linavyosomwa, maana nimewahi kuifanya kazi hiyo na naona wazazi wengi wanaidhania vingine. Wanafikiri kompyuta inapanga alama toka juu hadi chini, kisha inakatwa mahali. Kwenye vyuo vya namna hii msomaji huanza na shule. Anafungua nakala ya matokeo, na pembeni yake karatasi iitwayo wasifu wa shule, ambayo ofisi ya mshauri huituma pamoja na maombi. Kwa kawaida ni ukurasa mmoja au miwili: wanafunzi ni wangapi, GPA inakokotolewaje, masomo ya AP ni yapi, wastani wa SAT au ACT (mtihani mwingine wa aina hiyohiyo) ni ngapi, ni asilimia ngapi ya wahitimu huenda vyuo vya miaka minne. Msomaji anauliza: kwenye shule hii, mtoto anayejitahidi anaweza kufika wapi? Halafu: huyu amefika wapi?

Chukua 1380 mbili. Ya kwanza inatoka kwenye shule yenye wastani wa 1400, masomo ya AP 25, na nusu ya darasa wana walimu wa kulipwa wa SAT. Huyo ni mtoto wa katikati, na nafasi aliyokuwa nayo ilimruhusu kwenda mbali zaidi. Ya pili ni ya Neema. Wastani wa shule ni 1010, chini kidogo ya wastani wa taifa, ambao kwa wahitimu wa 2024 ulikuwa 1024. Atahitimu akiwa amesoma AP 5 kati ya 6 zilizopo, kwa hiyo atakuwa amefika karibu na mwisho wa kile shule inachoweza kumpa. Amewapita wenzake kwa alama 370. Msomaji makini anaandika hivyo kwenye maelezo yake kwa mwombaji, na sentensi hiyo inapelekwa kwenye kamati. Akiificha alama, sentensi hiyo haiandikwi. Kinachobaki ni GPA ya 3.97 kutoka shule ambayo msomaji pengine haifahamu, na mezani ana mafaili lukuki yenye GPA kama hiyo.

Haya si maoni yangu tu. Dartmouth ilipofanya mtihani kuwa hiari kwa ajili ya janga la korona, baadaye rais wake, Sian Beilock, aliomba maprofesa wanne wa chuo hicho, Elizabeth Cascio, Bruce Sacerdote, Douglas Staiger na Michele Tine, wachunguze matokeo yake. Walichokikuta kiliwashtua wengi: mamia ya waombaji kutoka familia zisizo na uwezo waliopata kwenye 1400 na kitu waliamua kutotuma, ilhali alama hizo zingewasaidia, kwa sababu ofisi ya udahili huzisoma kwa kulinganisha na shule na mazingira walikotoka. Waliogopa kiwango kilichotangazwa, wakaficha kitu ambacho kingewatetea. Februari 2024 Dartmouth ikarudisha mtihani kuwa wa lazima. Mwezi huohuo Yale nayo ikaamua hivyo, ila inakubali pia matokeo ya mitihani ya AP au ya IB (mfumo mwingine wa masomo ya juu ya sekondari) badala ya SAT na ACT. Brown ilifuata Machi, Harvard na Caltech Aprili. MIT ilikuwa imeshatangulia tangu Machi 2022.

Nirudi kwenye swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo linalokuumiza: mtihani wa saa mbili kufuta miaka minne. Haufuti. GPA na SAT zinajibu maswali tofauti, na utafiti ukisomwa haraka unaonekana kugongana.

Mwaka 2020 Elaine Allensworth na Kallie Clark walichapisha uchunguzi wa wahitimu zaidi ya 55,000 wa shule za umma za Chicago. Waliuliza: nani atamaliza chuo? GPA ya sekondari ilitabiri jibu kwa nguvu karibu mara tano kuliko alama ya ACT. Ukifikiri vizuri utaona ni sawa kabisa. GPA inakusanya mambo ambayo mtihani mmoja hauwezi kuyaona: kuamka kila asubuhi, kupeleka kazi ya nyumbani hata wiki ambayo mambo nyumbani si shwari, kumfuata mwalimu baada ya kipindi, kurudi darasani baada ya kufeli jaribio. Hayo ndiyo yanayomfikisha mtu kwenye mahafali.

Kisha Januari 2024 Friedman, Sacerdote na Tine wakatoa uchunguzi wa wanafunzi wa vyuo kadhaa vya kundi la Ivy League na jamaa zake. Huko ikawa kinyume. Mwanafunzi aliyeingia na SAT ya 1600 alipata GPA ya chuoni iliyozidi ya mwenzake wa 1200 kwa pointi 0.43, hata baada ya kuzingatia tofauti za mazingira yao. Lakini kati ya aliyeingia na GPA ya 4.0 na aliyeingia na 3.2, tofauti haikufika 0.10. Pia, waliotoka shule zenye nafasi na waliotoka shule za kawaida, wakiwa na alama sawa ya mtihani, walifanya sawa walipofika chuoni.

Inakuwaje? Chicago walitazama watoto wa kila namna, wenye GPA ya 2.1 na wenye 3.9 pamoja, kwa hiyo GPA ilikuwa na nafasi ya kuwatofautisha. Kwenye vyuo vyenye ushindani mkali karibu kila mwombaji ana A tupu. Kipimo ambacho wote wamekijaza hakiwezi tena kukuambia nani ni nani, hata kama ni kipimo kizuri. GPA ya Neema ndiyo iliyompa haki ya kukaa kwenye mazungumzo haya, na bila hiyo SAT ya 1550 isingemsaidia chochote. Ila ikishafika mezani, imefanya kazi yake, na msomaji anatafuta kitu kingine cha kumsaidia kuamini kwamba A ya shule ile ni A kweli.

Wasiwasi huo wa "A kweli" una msingi, ingawa unaniuma kuusema, kwa sababu wanaoumizwa nao ni watoto wa shule zisizo na jina. Shirika linaloendesha mtihani wa ACT lilipopitia rekodi zake liliona wastani wa GPA za wanafunzi waliofanya mtihani huo umepanda kutoka 3.22 mwaka 2010 hadi 3.39 mwaka 2021, na katika kipindi hicho alama za mtihani wenyewe hazikupanda. Na Novemba 2025 kamati ya University of California, San Diego ilitoa ripoti iliyosomwa nchi nzima: wanafunzi wapya ambao hesabu zao ziko chini ya kiwango cha sekondari walikuwa wameongezeka karibu mara 30 tangu 2020, hadi kufikia takriban mmoja kati ya wanane. Wengi walikuwa na alama nzuri za hesabu kwenye nakala zao. Swali moja walilopewa lilikuwa hili: 7 + 2 = ? + 6. Takriban robo ya waliokuwa kwenye darasa la marekebisho walilikosa. Ripoti ilitaja sababu kadhaa, korona ikiwemo, lakini ilitaja pia kuondolewa kwa mtihani na kupanda kwa alama za darasani. Mtoto aliyepewa A asiyostahili amedhulumiwa, maana anakuja kuligundua pengo akiwa tayari ameshaingia chuoni. Neema na 710 yake ya hesabu hayumo katika kundi hilo, na njia rahisi kuliko zote ya kumthibitishia mgeni jambo hilo ni kumwonyesha ile 710.

Najua kuna hoja kwamba SAT ni mtihani wa matajiri, na usije ukadhani naipuuza. Carl Brigham wa Princeton, aliyeutunga ulipoanza 1926, alikuwa ameandika miaka mitatu kabla yake mambo ya kibaguzi kuhusu akili za watu wa rangi na mataifa mbalimbali, na mwaka 1930 akayakana mwenyewe kwa maandishi. Hadi leo pengo ni kubwa: uchunguzi wa Chetty na wenzake ulionyesha kwamba watoto wa ile asilimia moja ya juu wana uwezekano mara 13 wa kupata 1300 au zaidi ukilinganisha na watoto wa familia za kipato cha chini. Namba hiyo inatisha. Inasema mengi kuhusu watoto walivyosomeshwa tangu chekechea.

Lakini jiulize mtihani ukiondolewa kinabaki nini. Insha, barua za walimu, shughuli za nje ya darasa. Watafiti wa Stanford walipitia insha za waombaji wapatao 60,000 wa University of California, wakachapisha mwaka 2021 kwamba maudhui ya insha yamefungamana na kipato cha nyumbani kuliko hata alama za SAT. Insha ina mhariri wa kulipwa, safari za kiangazi zina nauli, na barua nzuri ya mwalimu inahitaji mwalimu mwenye wanafunzi wachache na muda wa kuandika. Mtoto wa familia yenu anaposhindanishwa kwa vitu hivyo peke yake, anapoteza zaidi. Ndiyo maana msimamo wangu ni huu, na najua wapo wenzangu wasiokubaliana nami: kwa mtoto wa shule ya kawaida mwenye alama iliyoipita shule yake kwa mbali, mtihani ni shahidi anayemhitaji.

Ukiacha chuo kikuu cha jimbo lenu, ambacho nitakifikia, Bowdoin ndiyo chuo pekee kwenye orodha yenu ambacho uamuzi uko mikononi mwenu. Kiliacha kulazimisha mtihani tangu 1969, miongo mitano kabla ya korona, na hawatamwadhibu asiyetuma. Hapo pima hivi: alama inaongeza kitu ambacho faili lingine halijasema? Kama Neema angekuwa na 1380 kwenye shule ya wastani wa 1400, ningesema asitume. Kama angekuwa na 1150 kwenye shule yenu, pia ningesema asitume, kwa kuwa hapo ingeleta shaka juu ya zile A. Kwa 1380 dhidi ya 1010, inaongeza. Aitume.

Kurudia mtihani, sasa. Alama yoyote ya SAT ina mtikisiko wake. Akirudi wiki ijayo bila kusoma chochote anaweza kupata 1350 au 1410, na hakuna kilichobadilika kichwani mwake. Kwa hiyo msikimbizane na pointi 20. Lakini ile 670 ya Kusoma na Kuandika ina nafasi halisi ya kupanda, na Dartmouth na Brown huchukua alama ya juu ya kila sehemu hata kama zimepatikana siku tofauti. Hesabu ya 710 imeshawekwa kibindoni. Akipata 720 upande wa pili, maombi yake yanasomeka 1430, hata kama hesabu siku hiyo itashuka.

Sehemu ya Kusoma na Kuandika ina awamu mbili, kila moja maswali 27 kwa dakika 32. Awamu ya pili hubadilika kulingana na alivyofanya ya kwanza: akiteleza sana mwanzoni anapelekwa kwenye maswali mepesi, na hapo hata akiyapata yote alama za juu kabisa hazifikiki. Kwa hiyo kosa la haraka haraka katika awamu ya kwanza linamgharimu mara mbili. Na karibu robo ya maswali ya sehemu hiyo ni ya kanuni za uandishi, ambazo ndizo zinazopanda upesi kuliko ufahamu. Mfano unaowaangusha wengi: sentensi mbili zinazojitegemea zimeunganishwa kwa mkato peke yake. Jibu sahihi litakuwa nukta, au nukta mkato, au mkato pamoja na kiunganishi. Mtoto anayeisoma sentensi kwa sikio anaona iko sawa, mtoto aliyezoea kuuliza "upande wa kushoto unasimama peke yake? wa kulia je?" analimaliza kwa sekunde 15.

Afanye jaribio kamili kwenye programu ya Bluebook, ambayo ndiyo atakayoikuta siku ya mtihani, na majaribio yake ni ya bure. Mazoezi ya Khan Academy nayo ni ya bure. Kila akimaliza jaribio, kazi kubwa ianze hapo: achukue alichokosa na aandike kwa maneno yake kwa nini jibu lake lilikuwa kosa, na kwa nini lile jingine ni sahihi. Majaribio manne yaliyochambuliwa hivyo wakati wa kiangazi yanazidi kumi yaliyofanywa na kuachwa. Kama familia yenu inastahili chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni, mwulizeni mshauri kuhusu msamaha wa ada: unampa mwanafunzi SAT mbili bila malipo, na kwenye vyuo vingi unafungua pia msamaha wa ada ya maombi.

Agosti ikipita, basi. Akijisikia kurudia Oktoba, Novemba na Desemba, mzuieni. Muda huo unatakiwa kwenye insha na kwenye darasa la 12, na hapa wazazi wengi hujisahau: alama za muhula wa kwanza wa darasa la 12 hutumwa kwa vyuo katikati ya mwaka wa masomo, na maombi ya kawaida yanakuwa bado hayajaamuliwa. B mbili tatu zilizoingia kwa sababu mtoto alikuwa akikesha na SAT zinaharibu kuliko pointi 30 zinavyojenga.

Sasa fedha. University of California (UC), ambayo UCLA ni tawi lake, hawatazami SAT wala ACT katika kupokea wanafunzi. Bodi yao iliamua kuachana nazo mwaka 2020, na makubaliano ya kesi mwaka 2021 yakalifunga suala. Neema ataingia kwenye ushindani wa UCLA kwa GPA, masomo aliyochagua na insha. Akipokelewa, kama mkazi wa Ohio ataongezewa juu ya ada ya kawaida zaidi ya dola 30,000 kila mwaka, na UC iliacha miaka mingi iliyopita kuwapa wasio wakazi wa California misaada yake ya fedha inayotolewa kwa kuangalia uhitaji. Dartmouth, Brown na Bowdoin, ambavyo kwa kutazama ada iliyotangazwa vinatisha, huahidi kuziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia, bila mikopo ndani ya msaada huo. Dartmouth ilitangaza mwaka 2024 kwamba wazazi wenye kipato hadi dola 125,000 na mali ya kawaida hawatarajiwi kuchangia chochote. Kila chuo kina kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Kaeni nacho jioni moja, wewe na baba yake, mkiwa na fomu zenu za kodi, kabla mtoto hajaipenda UCLA kupita kiasi.

Na chuo kikuu cha jimbo lenu msikifanye cha akiba. Vyuo vingi vya umma hugawa ufadhili kwa jedwali la GPA na alama ya mtihani, hata vile ambavyo kupokelewa hakuhitaji mtihani. Huko 1380 iko juu ya zaidi ya asilimia 90 ya watahiniwa wote, na inaweza kuwa maelfu ya dola kwa mwaka. Someni ukurasa wa ufadhili, angalieni tarehe yake ya mwisho, kwa kuwa mara nyingi hutangulia ile ya maombi ya kawaida.

Kuhusu mshauri, msigombane naye. Mnamhitaji sana, kwa sababu barua yake na wasifu wa shule vitatoka ofisini kwake. Ombeni miadi kabla shule haijafungwa, aende Neema mwenyewe nawe ukiwa naye. Mwulizeni kwa adabu kama wasifu wa shule unaonyesha wastani wa SAT wa karibuni na orodha ya masomo ya AP. Nimeona wasifu wenye takwimu za miaka minne nyuma, na wengine haukutaja wastani wowote. Hapo msomaji hawezi kujua kwamba 1380 ilitoka kwenye shule ya 1010. Kama haumo, mwombeni auongeze, au autaje ndani ya barua yake. Mwelezeni pia kama Neema ana majukumu nyumbani, kulea wadogo zake au kufanya kazi jioni, maana hayo mshauri akiyaandika yana uzito kuliko mtoto akijisemea. Mpelekeeni kwa maandishi, ukurasa mmoja, abaki nao kwenye faili wakati wa kiangazi.